Mashua ya utafiti pale Kibirizi: tathmini ya mteja aliyeikodi wiki sita

Mwaka 2024, kuanzia juma la kwanza la Juni hadi katikati ya Julai, nilikodi mashua ya mbao pamoja na nahodha na wasaidizi wake watatu katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ili kupima maji ya Ziwa Tanganyika kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Naandika tathmini hii kwa sababu wanafunzi wawili wanaonifuatia wamekwisha kuniuliza kama huduma hiyo inafaa, na jibu la "inafaa" peke yake lingewadanganya. Inafaa mno kwa jambo moja ambalo halimo katika bei utakayotajiwa, na ina kasoro ambazo ni heri mtu azijue akiwa bado nchi kavu.

Kikundi chenyewe hakina jina wala ofisi. Kuna nahodha aliyepita umri wa miaka sitini, wapwa wake wawili wanaoshughulika na injini na kamba, na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne ambaye wao wenyewe humwita mwandishi. Kazi yao ya kila siku ni uvuvi wa dagaa. Kazi ya watafiti huifanya inapojitokeza, na wameifanya kwa miaka mingi kiasi kwamba nahodha hutaja wateja wake wa zamani kwa vifaa walivyokuja navyo, yule wa nyavu za matundu madogo, yule wa mitungi ya hewa, yule wa konokono. Mimi niliwapata kwa urahisi kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa. Mwaka huo uvuvi upande wa Tanzania ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, na mashua nyingi zilikuwa zimevutwa mchangani huku mabaharia wake wakitafuta kibarua chochote.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi 150,000 kwa siku, ikijumuisha mashua, nahodha na wasaidizi, mafuta yakiwa juu yangu. Mwenye boti ya kubebea watalii niliyemuuliza kabla yao alitaka zaidi ya mara mbili ya hapo, na alipoona ndoo zangu za chupa alinitahadharisha nisimchafulie viti. Kwa hiyo kwa upande wa gharama sina la kulalamikia. Mashua yao ni pana, haina viti vya kuchafuliwa, na katikati ina ubao mrefu wa kukatia samaki ambao, ukisuguliwa vizuri, hugeuka kuwa meza ya maabara ambayo sikuwahi kuwa na nzuri kuliko hiyo.

Nitaje kasoro ndogo nizimalize. Siku ya kwanza jaketi za kuokolea maisha zilikuwa nne na sisi tulikuwa watano. Nilikataa kuondoka, nahodha akaazima moja kwa jirani bila kununa, na tangu siku hiyo zikawa tano. Choo hakuna, na mwanamke atakayekodi mashua hii kwa siku nzima itamlazimu kupatana nao mapema kuhusu kupumzika ufukweni. Risiti wanazotoa ni za kuandikwa kwa mkono, na mhasibu wa chuoni kwangu alizirudisha mara mbili kabla ya kuzipokea pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa. Siku mbili hatukwenda kabisa kwa sababu ya msiba, na sidhani kama hilo ni kosa la kuandikwa katika tathmini, isipokuwa kwamba mtu anayepanga ratiba kutoka Dar es Salaam au Morogoro hufikiri kuwa siku thelathini ni siku thelathini.

Sasa nieleze lile lililonifanya niandike.

Siku ya nne kifaa changu cha kuhesabia mita, ambacho ni gurudumu dogo linalozunguka kadiri kamba inavyoteremka, kiliingia mchanga kikakwama. Nahodha akatoa chini ya ubao wa tezi, yaani nyuma ya mashua, kamba yake mwenyewe ya nailoni yenye mafundo, kila fundo la kumi likiwa limefungiwa kitambaa chekundu. Nikamuuliza fundo moja ni kiasi gani. "Kipimo kimoja," akajibu, nami, kwa uziwi unaowapata watu wenye haraka, nikasikia mita moja. Tukaifunga chupa ya kuchotea maji ya kina, tukaiteremsha, na mwandishi akawa anaita mafundo kwa sauti hadi alipofika mia. Nikaachia kile kipande cha chuma kinachoteleza juu ya kamba kwenda kuifunga chupa huko chini. Ukiishika kamba kwa vidole viwili utausikia mgongano wake ukipanda taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Wapwa wakaivuta kwa zamu, mikono ikibadilishana, maji yakichuruzika hadi viwikoni mwao. Nilipofungua bomba la chupa, harufu ya yai viza ikajaa mashuani, na mmoja wao akageuza uso akacheka.

Harufu hiyo ina maana yake. Ziwa Tanganyika halichanganyiki hadi chini. Maji ya juu yenye joto huelea juu ya maji baridi kama mawese juu ya mchuzi, na oksijeni ya hewani haifiki chini. Upande huu wa kaskazini oksijeni huishia kwenye kina cha mita mia moja hivi, na kule kusini kwenye kina cha mita mia mbili hivi, na chini ya hapo, hadi sakafuni, hujikusanya gesi ya salfa inayonuka namna ile. Samaki wote wa ziwa hili, dagaa, migebuka, sangala, kuhe, wanaishi katika tabaka hilo jembamba la juu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji ambamo hakuna samaki awezaye kuishi. Kwenye mita 100 nilitarajia kukuta maji yenye oksijeni kidogo, si uvundo mkali kiasi kile. Kituo cha pili, vilevile. Kituo cha tatu, vilevile. Usiku ule katika chumba changu cha kupanga pale Mwanga nilianza kumwandikia msimamizi wangu kwamba mpaka wa oksijeni mbele ya Kigoma umepanda kwa makumi ya mita, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuyaandika makala mazima, pamoja na picha zake. Sikuituma barua hiyo. Ningependa kusema kuwa ni busara iliyonizuia, lakini ukweli ni kwamba intaneti ilikatika.

Kesho yake, tukiwa mbele ya Katonga, nahodha alikuwa amekaa nyuma yangu akinifunika kwa mwavuli ili karatasi zisinimulike machoni, na bila shaka alikuwa akisoma daftari langu juu ya bega.

"Mwalimu, hii m uliyoiandika ni nini?"

"Ni mita, Mzee."

"Kamba yangu haina mita. Hizo ni pima."

Pima, kwa msomaji aliyekulia mbali na maji, ni urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa kuwa mikono yenyewe ilikuwa ya nahodha huyu na si ya baharia wa vitabuni, tulikatisha safari, tukarudi Kibirizi, tukaitandaza kamba mchangani na kuazima futi kamba ya fundi aliyekuwa akijenga kibanda karibu na hapo. Mafundo kumi yalitoa mita 17 na sentimita 60. Mia yangu, kwa hiyo, ilikuwa mita 176, na harufu ya yai viza kwenye kina cha mita 176 mbele ya Kigoma si habari kwa mtu yeyote.

Siku hiyo hatukupima tone la maji, na nililipa shilingi zilezile 150,000 pamoja na mafuta ya kwenda na kurudi. Ndiyo siku niliyoipatia faida kubwa kuliko zote. Huduma hii ikitazamwa kama chombo cha kukubeba kutoka kituo A hadi kituo B ni ya kawaida, na katika suala la risiti iko chini ya kawaida. Lakini mtu anayekodi hapa anakodi pia macho mengine ya kusoma daftari lake, na macho hayo yanajua ziwa kwa njia ambayo daftari halijui. Nilikuwa na kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), barua ya chuo, barua ya halmashauri na mpango wa utafiti wa kurasa arobaini uliopitiwa na maprofesa watatu, na hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho kingeniuliza ile m ni nini.

Haki itendeke pande zote: kosa lilikuwa langu, ila daftari lao nalo lina sehemu yake. Wana madaftari makubwa saba ya kaunta, yamehifadhiwa ndani ya mfuko wa rambo, mfuko umo ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo hulala nyumbani kwa nahodha chini ya kitanda. Ndani yake kuna tarehe, upepo ulivuma kutoka wapi, maji yalikuwa ya rangi gani, na kina ambacho ile sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji ilipotelea machoni. Mahali huandikwa kwa alama za nchi kavu, kwa mfano pale ambapo mwembe fulani unakaa chini ya bega la mlima fulani, na mwandishi alinionyesha jinsi mistari miwili ya namna hiyo inavyokufikisha mahali pamoja kila siku. Nilipolinganisha na kifaa changu cha setilaiti sikuwa na la kubishana. Lakini kina kimeandikwa kwa tarakimu tupu. Kurasa nyingine ni mita, kwa sababu mteja wa mwaka huo alikuja na kamba yake yenye alama. Kurasa nyingine ni pima. Na kurasa nyingine nahodha mwenyewe alizitazama, akatikisa kichwa, akafunga daftari. Kumbukumbu za miaka zimeharibika kwa kukosa neno moja pembeni. Mwandishi sasa amechora safu ya kipimo katika daftari jipya, naye huijaza hata anapoandika idadi ya lita za petroli.

Wakati tunapekua ndoo hiyo nilikuta pia ripoti moja iliyochapwa kwa Kiingereza, ya kikundi cha watafiti ambacho sitakitaja, yenye picha ya mashua yenyewe ukurasa wa tisa. Nahodha aliihifadhi kwa sababu ya picha. Hakuna aliyewahi kumsomea kilichoandikwa. Tukakaa juu ya mashua iliyopinduliwa, nikawa namtafsiria aya baada ya aya, na tulipofika kwenye mchoro wa uangavu wa maji nilimweleza kila nukta ni siku gani na mahali gani. Alinisimamisha kwenye nukta ya nne. Siku hiyo, alisema, upepo uliwazuia kutoka nje ya ghuba, wakapima karibu na bandari, mahali ambapo maji huwa na uchafu. Nukta hiyo haikupaswa kukaa pamoja na nyingine. Tulifungua daftari la mwaka huo na kukuta maneno mawili kwa mkono wa mwandishi wa zamani: "upepo, bandarini". Ripoti imekwisha kuchapwa, na nukta imekaa hapo ikishusha mstari wote. Dakika kumi za kuwasomea mashahidi rasimu kabla ya kuchapa zingeiondoa. Nimejaribu kutafuta sababu nyingine ya kutowasomea mbali na mazoea, sijaipata.

Wapo watakaosema kuwa nakuza mambo, kwamba msaidizi ni msaidizi na utafiti hufanyika maabara. Ziwa hili linawapinga lenyewe. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, na limegawanyika kwa nchi nne, Kongo ikiwa na asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, kiasi kwamba tabaka la joto hunenepa upande huu huku maji baridi yenye rutuba yakipanda juu kule Mpulungu, Zambia. Upepo ukitulia mnamo Septemba, ziwa hurudi kama beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likaachwa, na tabaka zake huendelea kupanda na kushuka kwa miezi kadhaa kwa mawimbi ya ndani yasiyoonekana kwa macho. Mtu aliyekaa Kigoma na kipimajoto chake ataona mistari ikipanda na kushuka asijue inaitikia nini. Ndiyo maana mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa ulioanza 1992 kwa ushirikiano wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Finland uliweka wapimaji Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, kila kituo kikipima mambo yaleyale kwa namna ileile, na kwa kuziweka namba za vituo vitatu katika jedwali moja mwaka mzima wa ziwa ukasomeka. Nchi moja ingejua theluthi ya hadithi, na yumkini isingejua kuwa ni theluthi.

Ushirikiano wenyewe hauishii kwa walio hai. Mwaka 2003 zilichapishwa makala mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika Science, zilizoonyesha kuwa maji ya Tanganyika yamepata joto na kwamba hayachanganyiki kama zamani. Mojawapo ilitegemea vipimo vilivyorudi nyuma hadi 1913. Katikati palikuwa na namba za msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947. Wale wa 1913 hawakujua lolote kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Walipima joto kwa kina, wakaandika kina kwa kipimo kinachojulikana, wakaweka tarehe, na miaka tisini baadaye mtu wasiyemjua akaweza kutoa namba yao kutoka katika namba yake. Nilipokuwa nikimweleza mwandishi habari hii alikwenda kimya kuchukua kalamu. Nilidhani anataka kuandika mwaka, kumbe alikuwa akiirudia safu ile ya kipimo kwa wino mweusi.

Makala ya Nature, ambayo timu yake iliongozwa na Catherine O'Reilly, ilikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ziwani huenda umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingemaanisha mavuno ya samaki kupungua kwa asilimia 30 hivi. Wataalamu wengine wa uvuvi hawakukubali, wakasema kuwa wingi wa nyavu na taa unatosha kueleza upungufu huo. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen ilichapisha matokeo ya tope lililochimbwa sakafuni mwa ziwa, ambamo mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kushamiri katikati ya karne ya 20. Nahodha, nilipompa pande zote mbili, alisema kuwa nyavu zimeongezeka na maji pia yamebadilika na kwamba haoni kwa nini lazima mmoja awe mwongo. Sina hakika kuwa ningeweza kulisema vizuri zaidi katika utetezi wa tasnifu yangu, na mbele ya watahini nitalazimika kulisema kwa kurasa nyingi.

Kuna kipimo kingine cha kupimia huduma hii, nacho kiko kaskazini mwa Kibirizi, mwendo wa saa chache kwa mashua. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, na dunia inakumbuka jina lake kwa haki. Lakini Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka watafiti vijana wanne kutoka kituoni, na baada ya hapo wageni waliondoka. Waliobaki porini na madaftari yao walikuwa wasaidizi Watanzania, watu wa vijiji vya kando ya ziwa, waliomfuata sokwe kuanzia anapoamka hadi anapotengeneza kiota cha usiku, na kuandika alichokula na alikuwa na nani. Kumbukumbu hazikukatika. Na kumbukumbu zisizokatika ndizo zilizowezesha makala ya 1999 katika Nature ambapo maeneo saba ya utafiti wa muda mrefu yaliweka orodha zake mezani na kupata desturi 39 ambazo sokwe wa mahali fulani wanazo na wa mahali pengine hawana. Gombe na Mahale, ambako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi 1965, yako katika mkoa huuhuu. Sokwe wa Mahale hushikana mikono juu ya vichwa wanapochambuana manyoya, na wa Gombe hawana desturi hiyo. Mtu wa Gombe peke yake asingeweza kujua kuwa kuna kitu ambacho sokwe wake hawafanyi.

Nikiipima mashua ya Kibirizi kwa kipimo hicho, haifiki. Wasaidizi wa Gombe walikuwa na fomu moja iliyodumu kwa miongo, mafunzo, na mshahara wa kila mwezi. Mabaharia hawa kila mteja huwajia na fomu yake, huwafundisha kwa siku mbili, na huondoka na fomu hiyo. Moyo wa kazi wanao. Kinachokosekana ni mtu wa kuwalipa wapime kitu kilekile hata mwezi ambao hakuna mtafiti, na hilo si jambo ambalo mteja mmoja wa shahada ya uzamili anaweza kulitatua, ingawa nadhani taasisi yoyote ya utafiti wa uvuvi ingelipata kwa gharama ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Mimi nilifanya nilichoweza. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nakala ya kila kipimo inabaki kwenye ndoo, rasimu ya matokeo itasomwa mwaloni kabla ya kukabidhiwa chuoni, na nikichapisha makala, jina la mwandishi litakuwa miongoni mwa majina ya waandishi. La nahodha pia, ikiwa msimamizi wangu ataridhia. Asiporidhia tutazungumza tena, maana sahihisho la pima lilikuwa la nahodha. Nahodha alitia saini kwa herufi kubwa, akauliza kama makubaliano hayo yanahusu pia mafuta ya siku nitakayotaka kugeuza safari katikati, nikakubali kulipa.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imezuiwa na risiti, choo, na zile kurasa za tarakimu tupu. Simpendekezi nahodha huyu kwa mtafiti anayetaka watu wa kuvuta kamba na kukaa kimya, kwa kuwa atauliza, na atauliza mbele ya wanafunzi wako. Kwa anayeweza kuvumilia hilo, sijaona huduma bora kuliko hii kati ya Ujiji na Kibirizi.

Kuhusu namna ya kuwapata: ziwa likiwa wazi wao ni wavuvi wa usiku, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, kwa hiyo usiwafuate mwezi ukiwa mwandamo ukidhani watakupa nafasi ya kwanza. Panga kazi yako siku za mbalamwezi, mwanga unapoharibu uvuvi na mashua zinapumzika. Siku hizo utakuta nahodha anashona nyavu kwenye kivuli kuanzia asubuhi. Nenda mwenyewe, umwamkie, usipige simu. Kamba ya kupimia si lazima ubebe. Niliwaachia yangu yenye alama za mita, nao wameifunga chini ya ubao wa tezi sambamba na ile ya zamani, na kila penye fundo la kumi la nahodha wamepaka rangi nyekundu juu ya kamba yangu.